Bluzi Ubavuni mwa Gurey

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Barua pepe kutoka chuo kikuu. Nimeisoma ofisini nikiwa nimejificha nyuma ya faili la chanjo ya mbuzi. Mtihani wa kubuni muziki papo hapo, mara ya tatu na ya mwisho. Alhamisi ya tarehe 23, saa nne asubuhi, kwa simu ya video. Bluzi ya vipimo kumi na viwili, mizunguko mitatu, ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima unasimama juu yake, atautaja mtahini pale pale. Nikianguka, jina langu linafutwa kwenye shahada ya muziki wa jazi, upande wa tromboni, na mimi narudi kuwa afisa wa mifugo na basi.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mara ya kwanza nilikaa kimya vipimo vinane, nikapanda skeli, ile ngazi ya noti, nikashuka skeli, nikasema asante. Dkt. Kwamboka, mhadhiri wetu, akaandika kwamba mwanafunzi amepanda ngazi na kushuka ngazi bila kuingia nyumba yoyote. Mara ya pili nilijitayarisha. Nilikariri kitu kitamu sana katika ufunguo wa G. Akasema F. Nikapiga kile cha G, kwa nguvu zaidi. Akaandika kwamba hajawahi kusikia mtu akipotea kwa uhakika namna ile.

Nina miaka arobaini na minane. Siham, binti yangu, anamaliza kidato cha nne mwezi ujao na ameapa kuomba chuo kile kile. Shule nzima inajua babake yuko mwaka wa pili. Fatumo, mke wangu, amenikumbusha jambo hilo huku akikunja nguo, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuzima jiko. Alisema: "Asije akafika huko akakuta jina lako kwenye ubao wa waliofukuzwa."

Mpango: kubuni papo hapo, lakini kwa maandishi. Funguo kumi na mbili, vipande kumi na viwili, siku kumi. Nimenunua daftari.

Tatizo dogo. Barua inasema lazima mwanafunzi mwenzangu awepo kama shahidi kwamba sisomi mahali. Mwanafunzi mwenzangu Garissa nzima ni mmoja tu: Ruweyda. Miaka ishirini na miwili, saksafoni, alipita mara ya kwanza kwa alama 84. Sijali. Themanini na nne.

Jumanne, 14 Oktoba

Ruweyda alikuja nyumbani jioni bila kuitwa. Ananiita Adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima zote, na kila akiniita hivyo nahisi meno yangu yakilegea. Akaona daftari. Akafunua. Akacheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa.

Akasema: "Adeer, hawa wamekuomba mazungumzo, wewe unawaandikia barua."

Ushauri wake: noti tatu zinatosha. Msikilize anayepiga na wewe, mwachie nafasi, kisha mjibu. Alisema wachungaji wetu hufanya hivyo kila siku wakinywesha ngamia kisimani: mmoja anaimba, mwingine anaitikia, na hakuna aliyeandika. Nikamwambia wachungaji hawana mtihani. Akaniambia ndiyo maana wanaimba vizuri.

Alijitolea kufanya mazoezi nami kila jioni. Nikakataa kwa adabu. Mtu mwenye 84 hatoi msaada bure. Anataka kujua kipande changu cha F.

Nimemaliza vipande viwili. F na G.

Jumatano, 15 Oktoba

Msiba wa aina yake. Mama mkwe amefika kutoka Hadado.

Hooyo Istahil, Hooyo yaani mama, amekuja kwa lori, yeye mbele na dereva, na nyuma Gurey, dume lake la ngamia, anayeitwa hivyo kwa sababu hutangulia na mguu wa kushoto. Gurey ana kazi: majike kumi na mawili ya kaka yake Hooyo yanamngoja kwenye malisho nyuma ya soko la mifugo. Hooyo atakaa kwetu mpaka kazi iishe.

Sasa, mbele ya mama mkwe mimi hata kutafuna sitafuni. Miaka ishirini ya ndoa, mama huyu hajawahi kuniona nikila ndizi. Ataniona vipi nimevimbisha mashavu nikivuta mrija wa shaba mbele na nyuma? Heri niende kazini bila viatu.

Nilikuwa nalisukuma kasha la tromboni chini ya kochi kwa mguu Hooyo alipomwuliza Fatumo ni nini. Fatumo akanitazama aone nitatokaje. Nikasema ni chombo cha kazi. Chombo gani? Mdomo wangu, ambao kwenye mtihani hukosa la kusema, hapo ulifunguka wenyewe. Nikasema ni chombo cha kupimia mapafu ya ngamia.

Hooyo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Fatumo akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu, nikasikia sufuria zikigongana bila sababu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Uongo umezaa. Baada ya sala Hooyo aliniarifu, kupitia Fatumo, ingawa mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili tu kutoka kwake, kwamba Gurey ana huzuni. Tangu ashuke lori hataki kitu. Majike yanapita mbele yake, yeye anayatazama kama mtu anayesubiri hati ya kuzaliwa ofisini. Kaka yake Hooyo ameanza kunong'ona kwamba dume limezeeka. Hooyo hanong'oni, ameamuru. Mkwe alete kile chombo.

Nilikileta. Shirwa, mchungaji wa Hooyo, alimshika Gurey kamba. Hooyo alisimama mbali, mgongo nusu umegeuka, kwa heshima. Nikaelekeza kengele ya tromboni, ule mdomo wake mpana, kwenye mbavu za mnyama, nikasema Bismillahi, nikapuliza noti moja ya chini kabisa, ndefu.

Gurey akainua kichwa. Masikio yakasimama.

"Amesikia," Hooyo akasema.

Nikasema mapafu ni mazima, lakini anahitaji kupimwa kila siku, asubuhi na jioni, mpaka Alhamisi. Tazama akili hiyo. Kwa mkupuo mmoja nimepata uwanja wa mazoezi, ruhusa ya mama mkwe na msikilizaji asiyetoa alama. Shirwa peke yake ndiye aliyeonekana na shaka. Alisema: "Daktari, hii kitu yako iko na sauti ya mwanaume." Wachungaji hutuita sote daktari, hata sisi wa makaratasi.

Nikampa nakala ya kijitabu changu, "Dume la Ngamia Wakati wa Mvua", kurasa nane, nilichokiandika mwenyewe kwa ajili ya ofisi. Hasomi, lakini alipenda picha.

Jumamosi, 18 Oktoba

Vipande vinne tayari: F, G, C na B. Kichwani kinakaa kimoja. Nikiingiza cha pili, cha kwanza kinatoka.

Kwa hiyo lazima nisome. Lakini Ruweyda ataketi kando ya kamera, macho kama ya kipanga. Karatasi ukutani? Ataiona. Kwenye mrija wa tromboni? Unakwenda na kurudi, nitasoma nusu. Kiganjani? Nimejaribu. Jasho la Garissa halina huruma. Kufikia saa sita nilikuwa na bluzi mpaka kwenye kiwiko.

Jioni nilipita soko la mifugo kusimamia mbuzi waliochanjwa. Kijana wetu alikuwa anawapaka alama ya buluu mgongoni, ile rangi ya kopo tunayotumia. Hakuna mtu aliyegeuza shingo. Katika mji huu mnyama mwenye alama ni kama ukuta wenye dirisha, nani atashangaa?

Nikasimama pale na kopo mkononi. Ubavu wa ngamia ni mpana kuliko ubao wa darasa la nne.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, ofisi imefungwa. Nimempima Gurey kwa kamba: kila ubavu unaingiza vipande viwili, mradi noti ziwe kubwa kama mayai. F na G kushoto, C na B kulia. Dkt. Kwamboka ni mtu wa mazoea, atasema F. Simu itawekwa juu ya boneti ya gari la ofisi, Ruweyda kando yake akinitazama mimi, na Gurey nyuma yao, ubavu wa kushoto ukinielekea mimi. Kamera haimwoni. Shahidi amempa mgongo. Sijui kwa nini watu huhangaika kusoma.

Hooyo atakuwa mjini kwa jamaa zake mpaka Alhamisi mchana. Kopo linasema rangi inatoka kwa maji na sabuni.

Gurey anaendelea vizuri. Kila nikipiga anasaga meno na mapovu yanamtoka. Nimemwambia Hooyo, kupitia Fatumo, kwamba hiyo ni dalili ya mapafu kufunguka.

Ruweyda alituma ujumbe: "Adeer, unataka tufanye hata nusu saa?" Nilimjibu niko tayari kabisa.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimechora. Saa mbili nzima, Gurey amepiga magoti anacheua, mimi nalala ubavuni mwake kama fundi wa gari. Mistari mitano imepinda kidogo kwenye mbavu lakini inasomeka. Shirwa alikaa juu ya jerikeni akanitazama muda mrefu. Mwishoni akauliza hii alama ya mistari tano ni ya watu gani. Nikasema ni chanjo. Akasema ameona chanjo nyingi Hadado, Elwak mpaka Hulugho, lakini hajawahi kuona chanjo iko na viluwiluwi.

Kisha akasema jambo ambalo nililipuuza. Kwamba alama juu ya ngamia si mchezo, kwamba hapa watu wameitana mbele ya wazee kwa mstari mmoja uliochorwa mahali pasipostahili. Nikamwambia asubuhi nitaosha.

Alasiri imenyesha, mvua ya kwanza ya msimu. Harufu nzuri ya udongo. Rangi haikutoka hata tone. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne kasoro. Simu juu ya boneti, mtandao mzuri, Ruweyda kwenye kiti cha plastiki. Gurey nyuma yao, hatua thelathini hivi, miguu ya mbele imefungwa kamba. Ubavu wa kushoto kwangu. Shirwa amemshika. Kila kitu mahali pake.

Dkt. Kwamboka akatokea kwenye simu, akanisalimu, akamwuliza Ruweyda kama kuna karatasi yoyote mbele yangu. Ruweyda akageuka kulia, akageuka kushoto, akageuka nyuma. Akakaa amegeuka nyuma kwa muda. Anasoma noti yule, na macho yake hayana kasoro. Nikaona mabega yake yakianza kutikisika. Akamgeukia Dkt. Kwamboka akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza kitu cha moto, kwamba hapana, hakuna karatasi.

Ufunguo, Dkt. Kwamboka akasema, ni F.

Nilikaribia kumpigia magoti. Ngoma na besi zikaanza kutoka kwenye simu. Nikavuta pumzi, nikakaza macho kwenye ubavu wa kushoto, nikapiga noti yangu ya kwanza. Ya chini, ndefu, kama nilivyomzoesha.

Gurey akageuka kunitazama.

Ngamia akikutazama uso kwa uso hana ubavu. Ana kichwa, shingo na kifua. Bluzi yangu yote ya F ikaelekea upande wa soko, wakasome mbuzi.

Nikanyamaza. Kipimo kimoja, viwili. Ndipo Gurey akatoa ule mfuko mwekundu wa kooni ambao madume huutoa wakati wa kutafuta majike, ukaning'inia kando ya mdomo kama puto, akatoa mngurumo wa majimaji uliotoka tumboni mwa dunia. Kisha akaruka hatua moja kuja kwangu. Kamba ikamponyoka Shirwa.

Ukurasa wa tano wa kijitabu changu, nanukuu: "Baada ya mvua ya kwanza, dume akisikia mngurumo mzito huudhani ni wa dume mwenzake. Usisimame kati yao." Nilipoandika "kati yao" sikuwazia kwamba mmoja wao ningekuwa mimi. Siku sita nimemtukana mnyama huyu asubuhi na jioni, mbele ya majike kumi na mawili, nikaita ni matibabu.

Dume aliyefungwa miguu huenda polepole. Lakini huenda.

Nikapiga noti mbili za haraka, kwa hofu tu. Akasimama, akasikiliza. Nikanyamaza, akanguruma na kuruka hatua moja. Nikapiga tatu, akasimama. Nikaelewa mpangilio. Nikipiga anasimama, nikinyamaza anajibu, nikichelewa kumjibu anakuja. Nikavuta mrija mpaka mwisho nikateleza kutoka juu hadi chini. Akainamisha shingo akateleza na yeye. Noti tatu tu, sikuwa na pumzi ya nne. Nilimwachia nafasi kwa sababu ni yake. Shirwa alikuwa ameidaka tena kamba, ananing'inia kwayo, akiimba ule wimbo wa kisimani wa kuwatuliza ngamia, na kila alipofika mwisho wa mstari mimi na Gurey tuliitikia pamoja. Besi zilikuwa bado zinakwenda. Kwa namna fulani tulikuwa ndani yake.

Mizunguko mitatu ikapita. Sikuacha. Wa nne, wa tano. Kwenye mzunguko wa saba mmoja wa wale majike alipita katikati yetu bila haraka, akatikisa mkia. Gurey akafikiri. Akaniona sina maana tena. Akamfuata.

Nilikuwa nimeegemea gari, mdomo umevimba kama nyanya.

Dkt. Kwamboka alikuwa ameondoa miwani. Akauliza yule mwenzangu wa sauti nzito ni nani. Ruweyda akasema ni msanii wa hapa. Dkt. Kwamboka akaniambia kwamba kwa miaka miwili amekuwa akisubiri nimsikilize mtu mwingine, na leo nimesikiliza kama mtu ambaye uhai wake unategemea. Nikasema ulitegemea. Akacheka, akadhani ni unyenyekevu. Alama 68. Nimepita.

Simu ilipokatwa Ruweyda akalala juu ya boneti akacheka mpaka shela ikamfunika uso. Akasema: "Adeer, ungesoma ngamia mzima?" Nikamwomba asimwambie mtu. Akasema atakaa kimya kwa sharti moja, mwaka wa tatu tufanye mazoezi pamoja. Nikakubali. Nilikuwa tayari kukubali chochote.

Nikageuka. Hooyo Istahil alikuwa amesimama kwenye lango la malisho, amewahi kurudi. Sijui tangu mzunguko wa ngapi.

Ameniona. Mashavu, mrija, kila kitu.

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Gurey na lile jike, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshinda kesi. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini alinisemesha moja kwa moja. Alisema chombo kinafanya kazi.

Kisha Gurey akageuza ubavu. Hooyo akasogea. Akatazama mistari mitano, akatazama viluwiluwi. Akauliza, polepole sana, dume lake limekuwa la nani.

Ijumaa, 24 Oktoba

Rangi haitoki kwa maji na sabuni. Kopo ni mwongo kuliko mimi.

Nimemwosha Gurey tangu alfajiri, upande mmoja, kwa umbali wa ufagio, wakati yeye ana shughuli zake. Ilibidi niape mbele ya Hooyo, kaka yake Hooyo na wazee watatu waliokuwa wanapita tu, kwamba alama ile si ya ukoo wowote na sidai hata ukwato. Mzee mmoja aliuliza basi ni ya nini. Fatumo akajibu kwa niaba yangu, kabla sijafungua mdomo, kwamba mume wake anasoma muziki chuo kikuu na hajui kuiba hata kwenye mtihani.

Hooyo akauliza: siku zote hizi, lile kasha ni tarumbeta?

Nikasema ndiyo, Hooyo. Tromboni.

Akasema majike saba yamekwisha hudumiwa. Tarumbeta iendelee. Siham alinipigia simu kutoka shuleni, kwa simu ya matroni, akasema ameshasikia nimepita. Alisema "Hongera Aabo", yaani hongera baba, mara mbili. Ilinibidi nitazame upande wa mto kwa muda.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku tulivu. Nimekaa na kuwaza kwa uangalifu nini kilichonifanya nipite, ili nisirudie makosa.

Jibu liko wazi. Kipande kilikuwa kizuri. Nilikosea tu kutokuwa nacho kwa maandishi.

Kwa bahati Ruweyda aliurekodi mtihani wote, akanitumia, akaandika chini yake: "Sikiliza tu Adeer, usifanye kitu kingine." Nimesikiliza tangu asubuhi, kalamu mkononi. Nimekwisha nakili mizunguko minne, noti kwa noti, yangu kwa wino wa buluu na ya Gurey kwa wino mwekundu. Kesho naigeuza iwe katika funguo zote kumi na mbili. Mtihani wa mwaka wa tatu ni Machi. Wakinitajia ufunguo wowote, nitawapa Alhamisi ile ile.

Kosa la pili lilikuwa la nafasi. Dume mmoja anaingiza funguo nne tu, tena anageuka. Majike hayageuki ovyo, hayana ugomvi na mtu, na ubavu wao ni mpana zaidi baada ya miezi michache ya mimba. Jioni nilimwuliza Shirwa, kama mtu anayeuliza habari za malisho, ni yapi kati ya yale saba yametulia zaidi.

Akaniuliza kwa nini.

Nikamwambia ni mambo ya mapafu. Kisha nikapita ofisini, nikaagiza makopo matatu ya rangi, ile isiyotoka kwa mvua.